Mtani wa Ofisini

Ukiniuliza leo kama yule mzee alinionea, nitakujibu ndiyo. Ukirudi kesho asubuhi kabla sijanywa chai ukaniuliza tena, huenda nikasema sijui. Watoto wangu jibu hili linawachosha. Wao wana neno la kila kitu na semina ya kila neno, na wanashangaa mama yao, aliyepiga chapa barua za serikali mpaka akastaafu, anashindwaje kulieleza jambo moja likaeleweka. Na mimi nashangaa pamoja nao.

Nilianza kazi Handeni, katika ofisi ya wilaya, miaka ile vijiji vya ujamaa vilipokuwa vikipangwa. Nilikuwa karani mpiga chapa, mgeni, niko kwenye majaribio. Maana yake ni kwamba mkubwa wa ofisi akisema unafaa, unathibitishwa na unakuwa mtumishi wa serikali mpaka uzeeke. Akisema hufai, unafunga kanga zako unarudi kwenu. Na kwetu kulikuwa na rafiki wa baba, mwenye wake wawili tayari, ambaye kila Idi alikuwa akiulizia kama kazi imenishinda. Kwa hiyo nilitaka kuthibitishwa kuliko nilivyotaka kula.

Mkubwa wetu alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye kofia ya pama ambayo hakuivua hata akiwa ndani. Siku ya kwanza alisimama mbele ya meza yangu akaniangalia ninavyoweka karatasi kwenye mashine.

"Binti, kwenu wapi?"

"Baba ni wa Bungu, mzee. Mama ni wa Kwamsisi."

"Ahaa. Msambaa huku, Mzigua kule. Umekulia wapi?"

"Kwamsisi, kwa bibi yangu, mama yake mama."

Akapiga makofi. "Basi wewe Mzigua! Jamani, mimi Mnyamwezi nimeletewa mtani wangu! Leo ofisi imepata chumvi!"

Naomba nieleweke vizuri hapa, maana ndipo mambo yote yalipoanzia. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, Wanyamwezi walipopita kwetu wamebeba mizigo kwenda pwani. Kule Kwamsisi tulikuwa na babu mmoja wa Kinyamwezi aliyekuja zamani kukata mkonge, akaoa, akabaki. Alikuwa akiingia uani kwa bibi bila hodi, anakamata kuku, anaondoka naye kwapani. Bibi anamporomoshea matusi ambayo ningeyatamka mimi ningechapwa. Wiki ikiisha bibi naye anapita kwake, anabeba ndoo yake ya maji, na babu anacheka mpaka anakaa chini. Hakuna anayekasirika. Ukikasirika umejiaibisha. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, na nilikuwa nimekaa katika ofisi ngeni ambamo kila mtu alinuna, na ghafla mtu mkubwa ananiita kwa neno la uani kwa bibi. Nilifurahi. Sijui niseme nini zaidi, nilifurahi sana.

Basi nikamjibu, "Mtani, mzigo umeutua wapi? Au umetoroka nao?"

Ofisi nzima ilicheka. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote. Tangu saa ile nikawa mtani wake, na hata matarishi wakaanza kuniita hivyo, "Mtani wa mkubwa."

Mwanzoni alichukua mihogo yangu ya kukaanga. Alikuwa akipita saa ya chai, anakunjua karatasi, anakula yote, anafuta mafuta kwenye kalenda yangu. Nilimtukana, akanitukana. Halafu akaanza kuniita mke wangu. Hilo nalo si geni, mtani husema hivyo, hata babu humwambia mjukuu wake hivyo. Halafu siku moja akapita nyuma ya kiti changu nikiwa nachapa, akapenyeza vidole pale nilipojifunga kanga juu ya gauni, kiunoni, akafinya. "Kodi ya mtani," akasema, akaenda zake.

Sikucheka. Nilibaki nikijiuliza kama nimesahau kanuni fulani. Nilijaribu kumkumbuka yule babu wa Kwamsisi, kama aliwahi kumshika bibi kiuno, na kwa kweli niliona kama aliwahi, mara moja, wakicheza ngoma ya harusi. Au nilijitungia hilo ili nipate usingizi. Mpaka leo sijui.

Kodi ikawa ya kila siku. Kila viatu vyake vilipolia nyuma yangu vidole vyangu viligonga herufi za pembeni, "Ndugu" ikawa "Nfugu", na barua zikaanza kurudi na alama nyekundu. Na aliyeziwekea alama nyekundu alikuwa ni yeye. Akasimama mbele ya watu, kofia kichwani, akasema kwa huruma kabisa, "Mtani, kazi inalegea. Sasa nitakuthibitisha vipi?"

Nilimweleza mama wa masjala, mwanamke pekee mwingine pale ofisini, aliyekuwa ananizidi umri kwa mbali. Aliendelea kupanga mafaili yake. "Mwanangu, si ulimwitikia mwenyewe? Mtani hakasirikiwi." Nilimwambia kwamba sikukasirika, nimechoka. Akasema kuchoka ni haki yangu, lakini uchovu hauna mahali pa kuushtakia.

Kumbe palikuwepo. Siku zile tulikuwa tunaambiwa kwamba kiongozi asiwe na majivuno wala asiwaonee walio chini yake, na kwamba mfanyakazi anaruhusiwa kumsema mkubwa mbele ya kamati ya wafanyakazi. Redio ilisema hivyo kila jioni. Mimi niliyachapa maneno hayo kwa mikono yangu, nakala kwa nakala, na kwa sababu nilikuwa msichana niliyaamini. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kamati, ambaye alikuwa bwana shamba wa wilaya, Mzigua wa hapo hapo Handeni, nikamwambia nina malalamiko.

Tulikaa katika ofisi ya mkubwa mwenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na meza ndefu. Yeye alikaa kwenye kiti chake chenye mikono, kamati ikakaa pembeni, mimi nikasimama. Mwenyekiti akafungua kikao kwa heshima zote kisha akaniuliza, "Ndugu, kosa lenyewe linaitwaje?"

Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilijiandaa kueleza, sikujiandaa kulitaja jina.

"Amekupiga?"

"Hapana."

"Amekutukana?"

"Ananitukana kila siku, lakini hilo si neno. Na mimi namtukana."

Wakacheka kidogo. "Sasa amekufanya nini, ndugu?"

"Ananishika."

"Anakushikaje?"

Jamani. Wanaume tupu, na mama wa masjala kaangalia dirisha. Nikasema, "Kiunoni." Mmoja akajaribu kunisaidia, akasema basi tuandike dharau. Mwingine akasema dharau ni ya maneno, hii iwe utovu wa adabu. Wa tatu akasema utovu wa adabu unafanywa na mdogo kwa mkubwa, mkubwa hawezi kumtovukia mdogo. Wakabishana juu ya neno kwa muda mrefu, na mimi nimesimama pale na kiuno changu.

Ndipo mkubwa akaomba kusema. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Ndugu mwenyekiti, huyu ni mtani wangu. Hebu muulizeni, siku ya kwanza tu alipofika, mimi mkubwa wake, aliniambia nini?"

Ilibidi niseme. Nikasema, "Nilimwambia, mtani, mzigo umeutua wapi." Wakapasuka kwa kicheko, na kibaya zaidi hata mimi nilitaka kucheka.

Nikajitetea. Nikasema mimi kwa baba ni Msambaa, mtoto ni wa baba, na sina hakika kama Msambaa ana utani naye. Basi kamati ikasahau kiuno ikaingia kwenye ukoo. Huyu akasema mtoto wa Kizigua ni wa kwa mama yake, yule akasema hapana, hiyo ilikuwa zamani, na mzee mmoja akaanza kutaja watani wa Wasambaa kwa vidole. Mwenyekiti akagonga meza.

"Ndugu! Hapa hatuulizani kabila. Ukabila tumeuacha. Hapa hakuna Mzigua wala Mnyamwezi, sote ni ndugu."

Nikauliza, kwa heshima, maana kwa kweli sikuelewa, "Mwenyekiti, kama hakuna Mzigua wala Mnyamwezi, huo utani unatoka wapi?"

Alinitazama, nikaona na yeye haelewi. Kisha akasema, "Utani ni mila. Mila tunazienzi." Akaahirisha kikao ili wapate kutafakari. Nilitoka pale nikiwa mtani kwa mila na ndugu kwa siasa, na karani ambaye hajathibitishwa.

Kabla hatujakaa tena, bibi akafariki.

Nilipofika Kwamsisi nilikuta kuna mgogoro. Bibi na wenzake walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zimepangwa kwa mistari, na mji wake wa zamani ulibaki mahame, majani yameota mpaka mlangoni. Makaburi ya mama yake na ya wanawe waliotangulia yalikuwa huko. Alikuwa ameomba azikwe huko, na viongozi wa kijiji walikataa. Walisema mkimrudisha maiti leo, kesho mtarudi na vitanda. Wajomba zangu walikuwa wamekaa kwenye mkeka wameshika vichwa, na mama alikuwa haongei wala halii.

Mchana ikaja Landrova ya serikali. Akateremka mkubwa wangu, na kofia yake. Nilidhani amekuja kunisema kwa ndugu zangu. Hakuniangalia hata mara moja. Aliwasikiliza viongozi wa kijiji mpaka mwisho, akasema, "Mimi si serikali hapa. Mimi ni mtani wa marehemu. Nani anamzuia mtani kuzika?" Wakamtazama, wakaitazama Landrova, wakanyamaza. Bibi alipelekwa mahame kwa gari ya serikali.

Sisi wanawake hatukwenda makaburini, tulisimuliwa tu. Kwamba alivua shati akachimba mwenyewe, kwenye ardhi ile ngumu. Kwamba kaburi lilipokuwa tayari alilala humo, akafumba macho, akasema pazuri sana, hatoki, marehemu atafute pengine, mpaka mjomba alipomwahidi jogoo. Lakini aliporudi nyumbani nilimwona kwa macho yangu. Alijitanda kanga ya bibi, akashika mkongojo wake, akapita katikati yetu ameinama, anadai ugoro kwa sauti ya bibi, ile ile ya puani, "Nyie watoto mmeniibia ugoro!" Hakuwahi kumwona bibi akiwa hai. Nadhani alifundishwa huko makaburini. Mama yangu, ambaye alikuwa hajatoa sauti tangu msiba uingie, akacheka. Alicheka, akaanza kulia, na tukajua sasa atapona. Na mimi nilicheka. Nilicheka nikashika mbavu.

Mama mkubwa, dada yake mama, akamrukia kwa nyuma akamnyang'anya kofia. Akaivaa, akatembea nayo uani kifua mbele, akipaza sauti kwamba sasa yeye ndiye bwana mkubwa wa wilaya, kila mtu alete kodi. Mkubwa alimbembeleza, akapiga magoti, akapewa tusi. Hakuipata. Alirudi Handeni kichwa wazi, anacheka njia nzima, dereva ndiye aliyeniambia.

Kabla hajaondoka niliambiwa nimnawishe. Nilimimina maji, yeye akasugua udongo mikononi, tuko wawili tu nyuma ya jiko. Nikasema moyoni, akinigusa hapa nitajua kwamba haikuwa utani. Hakunigusa. Alisema, "Pole, mjukuu wangu," sauti ya chini, ya mtu mzima kabisa, akajikaushia kwenye suruali na kwenda.

Mama alikuwa amesikia habari ya malalamiko yangu. Aliniita kando. "Ndiye huyu?" Nikasema ndiye. "Amemzika mama yangu pale alipotaka kuzikwa. Utamshtakije?" Nilirudi kazini nimeamua kuyafuta yote. Niliona kwamba pengine hata yeye alikuwa amefuta, kwamba lile neno mjukuu lilikuwa njia yake ya kuomba radhi.

Jumatatu nilikaa kwenye mashine. Viatu vikalia nyuma yangu. Vidole vikaingia kwenye kanga, pale pale, vikafinya, na nilipotazama chini niliona kucha bado zina udongo mwekundu wa mahame. "Kodi ya mtani," akasema. "Umekaa siku nyingi hujalipa."

Nikamaliza barua, bila kosa hata moja, na sijui niliwezaje.

Kikao cha pili kilipoitwa niliwahi. Mlango wa ofisi ulikuwa wazi, meza ndefu imepanguswa, hapakuwa na mtu. Sikupanga nilichokifanya, watu hawaniamini ninaposema hivyo. Niliona kile kiti chenye mikono, nikaenda nikakaa.

Wakaingia wanakamati wakanikuta. Wakatazamana. Akaingia na yeye, kichwa wazi, maana kofia ilikuwa bado Kwamsisi.

"Mtani," nikamwambia, "mama mkubwa amechukua kofia. Mimi nimechukua kiti."

Wakacheka wote, na yeye akacheka. Akaja akasimama karibu, anangoja niinuke. Sikuinuka.

"Haya, mtani. Yatosha."

"Haijatosha."

"Mtani, watu wana kazi."

"Na mimi nilikuwa na kazi."

Kicheko kikapungua. Akaweka mkono juu ya mgongo wa kiti, na uso wake ukabadilika, tabasamu likatoweka. Nilikuwa sijawahi kumwona hivyo. Akapiga kelele, "Toka! Toka kwenye kiti hicho! Hiki ni kiti cha serikali, si cha kuchezea!"

Kisha mama wa masjala, ambaye kikao kilichopita hakufungua mdomo, akasema polepole, kama anayemkumbusha mtu mahali faili lilipo, "Lakini mzee, mtani hakasirikiwi."

Alisikia. Wote tulisikia. Alibaki amesimama na mdomo wazi, na nilimwona akilitafuta lile tabasamu lake halipati. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema kitu. Kwamba kiti cha serikali hakichezewi, lakini karani wa serikali je? Maneno hayo ninayo, mazuri sana, yalinijia mwaka uliofuata nikiwa naosha vyombo. Siku ile nilisema, "Samahani, mzee," nikainuka, nikampisha akae. Ila hakukaa. Kikao chote alisimama dirishani.

Mwenyekiti alitoa uamuzi ambao nimeurudia moyoni mara nyingi bila kuuelewa. Alisema mkubwa amekosa kama mkubwa lakini hakukosa kama mtani, na mimi nimekosa kwa kiti lakini sikukosa kwa malalamiko, na kwa hiyo tupeane mikono. Tukapeana. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

Mwezi haukuisha nikaitwa. Nimethibitishwa, na nimehamishiwa Korogwe. Aliyenipendekeza nithibitishwe ni yeye, tena kwa maneno mazuri, kwamba mimi ni hodari na sikosei. Wengine walisema nimeshinda. Wengine walisema nimefukuzwa kwa adabu. Mama alisema unaona, mtu mwema yule. Mimi nilipanda basi na sanduku langu, mtumishi kamili wa serikali, nimepata kile nilichokitaka kuliko chakula, na nilijihisi kama aliyeibiwa asiyejua kilichoibwa. Nani aliyekalia kiti changu pale Handeni baada yangu sikupata kumjua. Hilo huniamsha.

Korogwe nilikaa mpaka nikastaafu. Nilifanya kazi chini ya wakubwa wengi, na kila mara nilipoulizwa kwetu ni wapi nilisema Bungu, basi. Kwamsisi sikuitaja tena ofisini.

Nilimwona mara moja tu, miaka mingi baadaye, Segera, pale njia panda, nikingoja basi la Tanga. Alikuwa amekonda. Alisimama kwa wauza machungwa, kichwa wazi, anachagua, na alinitambua kabla sijamtambua.

"Mtani!" akaita kwa sauti ile ile.

Na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukaitika. "Mtani! Mzigo umeutua wapi?"

Akacheka mpaka akakohoa, machozi yakamtoka. Na mimi nilikuwa nacheka, nilikuwa nimefurahi kumwona, nasema kweli, nilimwona bibi na ugoro wake na mama anacheka. Akaanza kuja upande wangu amenyoosha mikono. Ndipo nikaona anatazama chini, na mimi nikatazama. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeikamata kanga kiunoni, ngumi, kwa nguvu zote. Sikujua ulikwenda pale saa ngapi.

Aliutazama mkono ule kwa muda. Akasimama pale pale alipofika, na chungwa lake, hakuja tena. Kondakta akaita abiria wa Tanga. Nilipanda bado nimeishika kanga, na bado nacheka.